Sanduku la Simu Getini

Mwaka 2013, nikiwa na miaka hamsini na mbili, mto ulishuka kutoka mlimani ukachukua duka langu hapa Kasese, magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Nasema langu kwa sababu hakuna aliyenisaidia kulijenga. Nilianza na beseni la nyanya, nikafika kwenye vitenge, sufuria na taa za sola, na kufikia hapo nilikuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Maji yalikuja na magogo na mawe makubwa kama ng'ombe, na asubuhi mahali palipokuwa na duka palikuwa na jiwe. Jiwe tu. Nilichopata ni gunia moja la vitenge lililonasa kwenye waya wa jirani. Nilivifua, matope yakatoka na rangi zikafifia, hakuna mtu angevinunua. Nikavitunza hivyo hivyo.

Shule nilifika darasa la tatu. Kiswahili hiki nilifundishwa na wanajeshi niliokuwa nawauzia chapati na Wakongo waliokuja kununua chumvi, kwa hiyo kama kina makosa, makosa ni yao. Mume nilikuwa naye, akahamia kwa mwanamke mwingine kule Kitswamba, akafia huko. Sikumlilia sana. Najieleza mapema ili msomaji asije kutafuta huruma mahali isipokuwepo.

Baada ya mto nilifanya kila kazi. Nilifua nguo za wanawake waliokuwa wateja wangu, na wao wakajifanya hawanijui vizuri. Niliuza mahindi ya kuchoma Kikorongo, pale njia panda magari makubwa yanaposimama, nikikimbilia madirisha pamoja na wasichana walioniita bibi huku wakinipiga kikumbo. Nami niliwapiga. Bibi ni wa nyumbani, barabarani sote tulikuwa wauza mahindi.

Mwaka 2015 wakaja Kasese watu wa simu.

Walikodi stoo ya zamani ya pamba, karibu na reli ambayo treni haipiti tena. Wakaipaka rangi nyeupe, wakaleta jenereta, wakatia madirisha yasiyofunguka na mashine za kupoza hewa. Ndani waliweka meza zilizotengwa kwa mbao, kila meza na kompyuta yake na kile kidude cha kuvaa kichwani, cha kusikilizia na kusemea. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzungu kule Ulaya televisheni yake ikikwama, au intaneti ikikatika, anapigia kampuni yake simu. Simu haiendi kwenye kampuni. Inakuja Kasese, inapokewa na mtoto wa mkulima anayejibu kwa Kifaransa kizuri kana kwamba yuko mtaa wa pili kutoka kwa huyo Mzungu. Hawakuruhusiwa kusema wako wapi. Kila mmoja alipewa jina la Kizungu. Sisi Wakonzo jina mtu hulipata kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukilisikia, unajua amemfuata nani kutoka tumboni. Mle ndani wote walizaliwa upya na hakuna aliyemfuata mwenzake. Watu wa mjini waliita nyumba ile Kwa Alo, kwa sababu ukipita karibu na ukuta ulisikia alo, alo, alo, kama banda la kuku.

Mkubwa wao alikuwa mwanamume wa kutoka kusini ya Kongo, mwenye manukato na viatu vinavyong'aa. Wote walimwita Shefu. Alipotafuta mtu wa geti, vijana wenye misuli walijipanga nje. Mimi nikapita mbele yao nikamwambia kwamba hawa wote wana ndugu na marafiki humu mjini, wataona haya. Mimi simwonei haya mtu. Akanitazama, akacheka, akanichukua. Palikuwa pia na askari mwenye bunduki, afande mmoja mzee, lakini kazi yake ilikuwa kukaa na bunduki. Kazi yangu ilikuwa simu.

Sheria ya kwanza ya Kwa Alo: hakuna simu ya mfukoni inayoingia ndani. Shefu alisema humo mna majina na siri za wateja, mtu asije kupiga picha. Kila aliyefika alizima simu yake mbele yangu, nikaiweka kwenye sanduku la mbao lenye vyumba vidogo kama vya njiwa. Mwenye elimu angeandika majina. Mimi nilichana vile vitenge vyangu vya mafuriko. Kipande kimoja nilifunga kwenye simu, kingine cha kitenge kile kile nikamfunga mwenye simu mkononi. Jioni unanionyesha mkono, nakupa simu yako. Sikuwahi kumpa mtu simu ya mwenzake. Na yangu mwenyewe niliizima, kwa sababu Shefu alisema mlinzi akianza kuongea na simu, watu watapita. Basi hebu fikiria nyumba inayoongea na Ulaya tangu asubuhi hadi jua linapozama, na mama yako mzazi akikutafuta hakupati.

Ukutani palikuwa na televisheni kubwa yenye yale majina ya Kizungu. Anayekwenda vizuri alikuwa kijani, mzembe alikuwa mwekundu. Ukinyamaza kwenye simu, mwekundu. Ukiongea sana, mwekundu. Ukienda chooni mara nyingi, mwekundu. Wazungu waliwatukana matusi ambayo sitayaandika, na jibu lilikuwa moja tu: asante kwa uvumilivu wako. Na kabla ya kuaga ilikuwa lazima uulize kama kuna jambo lingine unaloweza kumsaidia. Mtu amemaliza kumtukana mama yako, unamuuliza kama kuna jambo lingine.

Siku za mwanzo nilimwona msichana ametoka nje analia nyuma ya tangi la maji. Nilidhani amefiwa. Shefu akamfuata, saa iko mkononi, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa:

"Lia, mwanangu. Lakini hapa kulia ni mapumziko. Ukimaliza machozi, chakula cha leo utakula kesho."

Afande alicheka mpaka bunduki ikateleza begani. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa inachekesha, na msichana alirudi kazini macho makavu.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Ukikosa siku moja katika hiyo miezi, umekwisha. Ukiimaliza, unathibitishwa, unapewa mkataba wenye muhuri. Shefu hakutaka kusikia ugonjwa wala msiba. Alisema Wakonzo wana misiba mingi kuliko watu. Neno baya, lakini mtu akifa kwetu jembe linalala, duka linafungwa, kijiji kizima kinakaa chini. Alikuwa ametuangalia vizuri.

Palikuwa na kijana mmoja wa Bugoye, mpole, Kifaransa chake alikitoa seminari. Baba yake akafa. Akaenda kuzika, akarudi amenyoa kichwa. Nikamzuia getini kwa fimbo.

"Mama, nimetoka kumzika baba."

"Pole sana. Lete mkono."

Akaleta mkono, akidhani nataka kuangalia kitambaa chake. Nikakikata kwa mkasi. Nyuma yake alikuwa amesimama mwingine tayari, nikamfunga huyo. Yule wa Bugoye alikaa ng'ambo ya barabara mpaka mchana, kisha akaondoka. Jioni Shefu akaniambia kwamba karibuni jiko litafunguliwa ndani ya ua, wafanyakazi wasitoke tena kwenda kula nje, na anatafuta mtu wa kulishika. Niendelee kulinda geti namna ile, jiko litakuwa langu. Nililitaka. Nilikuwa nalala kwenye chumba kimoja cha kupanga, mimi niliyekuwa na duka. Ningekuwa mjinga nisingelitaka.

Sasa nimseme binti.

Mdogo wangu, tuliyetoka tumbo moja, alikaa Bwera, nyuma ya soko. Zamani aliolewa ng'ambo ya mpaka, kule Beni, na binti yake wa kwanza akasoma huko kwa masista, mpaka vita vikawarudisha na nguo za mwilini. Mume akafa. Akabaki na binti na wadogo zake watatu, na kifua kilichomsumbua kila mvua inaponyesha. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa hawezi kubeba mihogo hata kuifikisha sokoni, na wale watatu walikuwa wamefukuzwa shule. Ndipo nikamwita binti aje Kasese. Mimi ndiye niliyempeleka mbele ya Shefu, nikamwambia huyu ni damu yangu, akikosea nitamtoa mwenyewe. Kwetu dada ya mama ni mama. Aliniita mama mukubwa, akalala kwenye mkeka chumbani kwangu, na kila jioni alifanya mazoezi ya maneno yake huku anapika, akiiambia sufuria asante kwa uvumilivu wako. Alinitafsiria yote, nami nikayajua.

Kitambaa chake kilikuwa cha manjano. Sikumpendelea. Siku aliyochelewa kurudi kutoka kula nilimwacha nje ya geti, jua kali la Kasese, mpaka Shefu mwenyewe akasema imetosha. Usiku hakunisemesha. Asubuhi aliwahi kuliko wote.

Alikuwa hodari. Shefu alikuwa na tabia ya kuwasikilizisha wote simu mbaya zilizorekodiwa, ili wajifunze, na siku moja akaweka ya binti. Mzee wa Kizungu alimwita kila mnyama wa porini, akamuuliza kama huko aliko wanaishi juu ya miti. Sauti ya binti haikutetemeka. Alimtengenezea intaneti yake, akamshukuru kwa uvumilivu, akamuuliza kama kuna jambo lingine. Shefu akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo sauti, sauti isiyo na mtu ndani. Binti aliponisimulia nilijivuna. Akithibitishwa, wale watatu wanarudi shule na mama yao anapumzika. Hakuna kingine tulichokuwa tunakisubiri, mimi, yeye na mdogo wangu kule Bwera.

Ikafika wiki ya mwisho ya majaribio. Ijumaa ndiyo ingekuwa siku yake ya kuitwa.

Jumatano mchana nikamwona shemeji anakuja, mdogo wa marehemu mume wa mdogo wangu. Hakuja na boda mpaka getini. Alishukia kwa mbali, akatembea taratibu pembeni ya reli, kofia mkononi. Nikamvutia kiti, akakataa. Nikampa maji, akayashika bila kuyanywa. Akasema walijaribu kutupigia tangu asubuhi, simu zote mbili zimezimwa. Kisha akasema, bila kunitazama usoni:

"Shemeji, mama ya mutoto iko mugonjwa sana. Anamuita. Na weye anakuita."

"Mgonjwa tu?"

"Mugonjwa tu. Anakunywa uji kidogo."

Niwaeleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Habari ya kifo haitolewi kwa simu, wala haitolewi kwa mtu akiwa na njaa, akiwa kazini au akiwa njiani. Anatumwa mtu. Huyo mtu hasemi kifo. Anasema mgonjwa, anasema unaitwa, nawe unafika nyumbani ukiwa na nguvu zako, unapewa chakula, ndipo mkubwa mmoja anakuambia. Baba yangu alipokufa, aliyekuja kuniita alisema mzee anaomba tumbaku. Niliinunua tumbaku. Nilifika nayo mkononi, nikamkuta amefunikwa.

Basi nilimtazama shemeji. Amekuja mwenyewe. Ametembea taratibu. Kofia iko mkononi, kiti amekikataa, maji hayanywi, macho yako chini. Uji kidogo. Nilijua mdogo wangu amekwisha kufa.

Niliangalia nyuma yangu, ule ukuta mweupe, na alo, alo, alo inatoka ndani. Nikawaza kama anavyowaza mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake. Aliyekufa hapotezi kitu tena. Binti akitoka leo, kesho namkata kitambaa mimi mwenyewe, na watoto watatu wanabaki nyumbani wakitimua vumbi, na kaburi liko pale pale. Jiko pia nililiwaza. Silifichi hilo. Mlinzi wa geti ambaye damu yake imetoroka kazini hapewi jiko.

"Waambie waendelee," nikamwambia. "Sisi tutafika Ijumaa jioni."

"Waendelee na nini, shemeji?"

Nilidhani anashika adabu ya kazi aliyotumwa, asitaje mazishi. Hata nilimheshimu kwa hilo. Nikamwambia aende, wanajua wenyewe. Akaigeuza ile kofia, akasema Ijumaa iko mbali. Nikamwambia Ijumaa ni Ijumaa. Akayamwaga maji chini, polepole, akaniwekea kikombe juu ya sanduku, akarudi kwa njia ile ile ya reli.

Afande akaniuliza huyo nani. Nikamwambia mtu wa mihogo.

Jioni ile binti aliponyoosha mkono wenye kitambaa cha manjano, nilimwambia simu yake imeisha moto, nimeiacha ichajiwe ofisini mpaka Ijumaa. Hakuuliza. Wiki ya mwisho hakuna aliyekuwa na akili ya kuuliza. Yangu nikaiacha imezimwa. Nikampikia, nikamtazama anakula. Alisema Jumapili atakwenda Bwera kumwambia mama yake habari za mkataba kwa mdomo wake, maana habari kama hiyo haifai kwa simu. Nikamwambia kweli, haifai.

Sikulia. Nilikuwa na mdogo mmoja tu, nilimbeba mgongoni kabla mimi mwenyewe sijaota meno yote ya ukubwani, na sikulia, kwa sababu tulilala chumba kimoja na angesikia.

Alhamisi nilikaa getini kama kawaida. Nilifunga vitambaa, nilipokea simu. Mchana unakaribia, afande akanisimulia kuhusu mwanajeshi aliyeibiwa suruali akiwa zamu, na nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naikumbuka saa ile kuliko saa nyingine zote za maisha yangu, na mtaona kwa nini.

Ijumaa Shefu aliwaita mmoja mmoja. Wengine walitoka wakapita getini bila kunitazama, niliwakata vitambaa. Binti alitoka na karatasi yenye muhuri. Alinikumbatia akaninyanyua, mimi na unene wangu. Shefu akaja nyuma yake, akanipa ufunguo wa jiko mbele ya watu wote, akasema ni watu wachache wanaojua kulinda mlango.

Nilifanya kama inavyotakiwa. Nilimpeleka chumbani, nikampa ugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki, nikamwacha amalize, akanawa. Ndipo nikamwambia mama yake ametutoka. Nikamwambia tangu Jumatano au kabla ya hapo, kwamba shemeji alikuja, nami nilingoja athibitishwe kwanza kwa faida yake na ya wadogo zake. Alikishika kile kitambaa mkononi akakizungusha, akakizungusha. Hakulia. Alisema twende.

Kutoka Kasese mpaka Bwera si safari. Unafika Kikorongo, unakata kulia, unavuka mbuga, unapandisha kidogo, umefika. Mpaka tunashuka, giza lilikuwa bado.

Watu walikuwa wamekaa uani, moto umewashwa, wanawake wamejifunga viunoni. Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba. Udongo ulikuwa mbichi, umelowa, majani yaliyofyekwa kando yake bado hayajanyauka. Hapo moyo wangu ulishtuka kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekufa kabla ya Jumatano, udongo wake Ijumaa jioni hauwi vile.

Binti aliuona kabla yangu. Akamgeukia shemeji, akamuuliza mama amezikwa lini.

"Leo mchana."

"Na amekufa lini?"

Shemeji alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Jana, mbele ya saa sita ya mchana kufika. Nilikuambia shemeji, iko mugonjwa. Alikuwa mugonjwa. Mutu akisema mugonjwa, weye unataka aseme nini?"

Kisha mama mmoja, jirani, aliyemuuguza, akasema kwamba marehemu hakukubali kulala akiangalia ukuta. Alitaka wamgeuze aangalie mlango. Kila boda iliyosimama barabarani aliuliza kama ni sisi. Alhamisi asubuhi alikuwa hana sauti tena, aliuliza kwa kidole.

Nilisema. Nilisema mbele yao wote kwamba shemeji alikuja kama wanavyokuja watu wa kifo. Niliwauliza wazee waliokuwepo: mtu akishukia mbali, akashika kofia, akakataa kiti, ninyi mngeelewa nini? Wanajua wangeelewa kama mimi. Shemeji akasema alikataa kiti kwa sababu alikuwa na haraka, na alitembea kwa sababu hakuwa na nauli ya boda, na kofia aliivua kwa heshima yangu. Mzee mmoja akasema tu, taratibu, kwamba hata kama angekuwa amekufa, dada huja.

Nikakaa chini.

Binti alisimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Badala yake aliunyoosha mgongo, akaweka mikono pamoja, na ikatoka ile sauti. Ile ya kwenye simu, laini, iliyopanda kidogo mwishoni. Kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Asante kwa uvumilivu wako, mama. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Nilisema hakuna.

"Asante. Nakutakia siku njema."

Akaenda kukaa na wanawake. Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyempimia saa.

Jumatatu asubuhi alikuwa getini Kwa Alo. Akazima simu, akanipa, akanyoosha mkono. Aliniita madamu. Alihamia kwa wasichana wenzake. Kwa miaka miwili alikula chakula changu jikoni, akanishukuru kwa sauti ile ile, akaniuliza kama kuna jambo lingine, nami nikasema hakuna. Wenzake walidhani ni utani wa nyumbani. Kwenye televisheni ya ukutani alikuwa kijani kila siku. Shefu alimtumia kama mfano kwa wageni.

Wadogo zake walirudi shule. Mmoja leo ni nesi, mwingine anaendesha lori la saruji mpaka Kongo, wa mwisho ni mwalimu. Hilo watu wa Bwera hawalisemi. Wanasema dada aliyemfungia dada mlango. Kuna wanaoniita mchawi, huko huko sokoni, huku wanakula wali wa kibanda changu. Nawauliza nani aliyewasomesha wale watoto, machozi? Wananyoosha sahani niwaongeze mchuzi.

Mwaka 2017 watu wa simu walihama. Hawakuaga. Jumamosi lori lilikuja, Jumatatu palikuwa na ukuta mweupe na vijana wamesimama nje na vitambaa mikononi, hawajui waninyooshee au wasininyooshee. Baadaye nilisikia kwamba Shefu alisema wamepata nchi ya bei nafuu zaidi. Sijui ni ipi iliyo nafuu kuliko sisi. Nilikata vitambaa vyote siku ile, vya mikononi na vya kwenye simu zao. Binti hakuningoja. Alikifungua chake mwenyewe kwa meno, akaniwekea mkononi. Akaenda Kigali, kwenye nyumba nyingine ya simu. Nasikia huko yeye ndiye anayeshika saa wengine wakilia.

Jumapili moja katika kila mwezi hunipigia. Ananiuliza afya, anauliza mvua, anauliza kama mguu unanisumbua. Sauti ni ile. Mwishoni anauliza kama kuna jambo lingine. Kila mara nafungua mdomo, na kila mara nasema hakuna. Ananitakia siku njema, anakata.

Leo nina hivi. Kiwanja kimoja Kasese, mbali na mto. Vyumba sita vya kupangisha, nilivyovigawa kwa mbao za meza za Kwa Alo. Mpangaji akikohoa, jirani yake anasikia. Kibanda cha chakula Bwera, siku za soko. Sufuria kubwa nne na mafiga ya chuma. Mbuzi tisa na shamba la pamba Kitswamba, jirani na kaburi la yule mume. Viti vya plastiki vya kukodisha kwenye harusi na misiba. Fimbo ya geti. Sanduku la mbao lenye vyumba vya simu. Kuku wanatagia humo. Kipande cha kitenge cha manjano. Simu mbili. Siku hizi sizizimi.